Viwili vya Ziwa

Chungu kizima cha Ikombe ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinajibu ngo, sauti fupi inayobaki kidogo hewani, kama mtu aliyeitwa akaitika. Chenye ufa hakiitiki hivyo. Kinasema pwa, na kimemaliza. Mimi nauza vyungu sokoni Kyela, kwa hiyo mlio huo nausikia kutwa na haunisumbui. Lakini zipo siku, hasa za mawingu, soko likiwa limepoa, mteja anagonga na mimi siko sokoni tena. Niko kwenye mtumbwi, nina miaka kumi na sita, nimebana chungu kati ya magoti, begini mna karatasi iliyokunjwa mara nne, na mbele yangu kuna mgongo wa mama.

Nitajaribu kuieleza sawasawa. Sijasoma sana, na mambo haya nimeyarudia kichwani mara nyingi mpaka nina wasiwasi kwamba nimeyapindisha yaelekee upande wangu. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Nilikuwa naanza kidato cha nne, shule ya huko Ipinda. Kutoka kwetu Ikombe mtu hawezi kwenda na kurudi kila siku, maana kwanza ni mtumbwi ziwani hadi Matema ndipo utafute gari, basi nilipanga chumba pamoja na Tumpe. Tumpe alikuwa wa Kasumulu, mama yake akivuka mto Songwe kila wiki kuuza na kununua upande wa Malawi, na yeye mwenyewe alikuwa na ulimi wa mpakani, wa kumchangamsha hata mgonjwa. Mama mwenye nyumba alikuwa na kakao. Alizivundika kwenye masanduku chini ya majani ya migomba nyuma ya dirisha letu, na harufu yake, ile ya uchachu kama pombe iliyosahauliwa, iliingia mpaka kwenye daftari. Hadi leo nikipita penye kakao mbichi nasikia njaa na upweke kwa pamoja.

Upweke ulianzia kidato cha tatu. Masomo ya lazima yalikuwa saba. Fizikia na Kemia ulikuwa na ruhusa ya kuyaacha, na darasa zima la wasichana liliyaacha siku moja, kama ndege wanavyoondoka kwenye mpunga ukiwapigia debe. Nikabaki mimi. Kwa nini nilibaki, kusema kweli sikumbuki vizuri. Nadhani mwalimu aliwahi kunisifu mara moja kwa mchoro wa sumaku. Basi mchana, wenzangu wakirudi nyumbani, mimi nilikuwa kwenye chumba cha meza za saruji na wavulana wanne. Hao wavulana hawakunitendea ubaya wowote, lazima niseme hivyo. Waliniazima rula. Ila walizungumza mpira tangu wanaingia mpaka wanatoka, na benchi langu la watu wawili nililikalia peke yangu.

Nikirudi chumbani nilikuwa nikimkuta Tumpe na wasichana wa chumba cha pili wamekwisha kula, wamelala chali mkekani wakicheka. Nikiuliza wanacheka nini, walinieleza. Hawakunificha kamwe. Lakini kichekesho cha kuelezewa ni kama wali uliopashwa, unashiba tu.

"Wewe na sumaku zako mtaoana," Tumpe alikuwa akinitania. "Na sisi tutakula ubwabwa wa harusi, tumevaa vijora."

Siku moja akaniuliza bila utani, akiwa anapepeta mchele, kwa nini nahangaika na tisa wakati lazima ni saba. Nikamjibu kama mtu anayejua: matokeo wanahesabu masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, yanayozidi wanayaacha. Kwa hiyo mwenye tisa ana mawili ya akiba.

"Kumbe," alisema, akaendelea kupepeta.

Nakiri kwamba nilisema vile kwa kujihami. Moyoni nilikuwa nimechoka na lile benchi.

Ndipo karatasi za usajili zikatolewa. Mwalimu wa taaluma alisimama mbele yetu akasema saba ndiyo mwanzo, kumi ndiyo mwisho, hapo katikati ni wewe na mzazi wako, na mzazi aweke sahihi. Alisema pia, na hili ni muhimu, kwamba orodha anaipeleka Ijumaa ya wiki inayofuata, na anayetaka kubadili chochote amwone kabla. Ukishapita hapo ndiyo basi.

Nikaenda nyumbani na karatasi yangu. Nilitaka mama aseme. Baba alikuwa amefariki tangu niko mdogo, na mimi nilitaka mtu mzima mmoja aniambie "acha" ili niache bila aibu, au "usiache" ili nivumilie kwa ajili yake. Nilikuwa tayari kutii neno lolote. Ila nilitaka liwe neno.

Jumamosi ni siku ya soko la Matema. Mvua zilikuwa zimeachia siku chache na mama alikuwa amewahi kuchoma vyungu, bado vina harufu ya majivu na nyasi. Mteja mmoja wa Kyela alikuwa ameagiza saba vikubwa. Tulivifunga kwa nyasi kavu na majani ya migomba, tukavipanga mtumbwini mimi na yeye, na mjomba Ambakisye akishika mtumbwi usiyumbe. Nilihesabu vikafika saba, nikaanza kupanda. Mama akarudi nyumbani akaja na viwili vingine.

"Si ameagiza saba?"

"Saba ni vyake. Hivi viwili vya ziwa."

Sikumuuliza tena. Naomba mnielewe hapo, maana ndipo nilipojikwaa. Nilikuwa nimetoka kupata kipaimara, niko kwaya, na masikioni mwangu "vya ziwa" lilikuwa jambo la wazee, kitu cha kutupia maji ili maji yaridhike. Niliona aibu kwa niaba ya mama. Nikaangalia kando nisimwone akivitupa. Cha tisa hakikupata nafasi, akanipa nikibane kwa magoti, nami nikakibana nikiwa nimenuna, nikiomba kimoyomoyo Mungu asitupatilize.

Mama alikaa mbele na kasia lake, mjomba nyuma yangu na lake. Kwa hiyo swali langu niliuuliza mgongo.

"Mama, nina karatasi ya shule."

"Ya mchango?"

"Hapana. Ya masomo. Naweza kufanya saba, au tisa."

Kasia liliingia majini mara tatu, mara nne.

"Yanayotakiwa mangapi?"

"Saba."

"Afanye kumi," mjomba alisema nyuma yangu. "Tuwakomeshe watu wa Matema, wanatuona sisi ni wa kufinyanga tu."

"Wewe kasia limekushinda, utaweza kumi?" mama alimjibu bila kugeuka, wakacheka wote wawili. Upepo ulikuwa umeanza kuja kutoka kusini, na mtumbwi ukawa unapanda na kushuka, vyungu vikigusana ndani ya nyasi.

"Mama, unasemaje?"

Alihamisha kasia upande wa pili. Kisha akasema:

"Sokoni hawaulizi umebeba vingapi, Bupe. Wanagonga."

Ni hayo tu. Nami nikalishika hilo neno kwa mikono miwili. Hawaulizi vingapi. Kwangu maana yake ilikuwa wazi: idadi siyo kitu, ubora ndiyo kitu, beba saba vilivyo vizima upumzike. Labda ningeweza kulisikia vingine. Lakini mwenye njaa akisikia kinu anajua ni cha kwao.

Matema tulipofika mteja alikuwa anasubiri. Mama alivitoa kimoja kimoja, anagonga, anasikiliza kichwa kikiwa upande. Ngo. Ngo. Ngo. Cha nne kikasema pwa. Mawimbi yalikuwa yamekipata. Alikiweka pembeni, akaendelea. Mwishoni akachukua kimoja cha vile viwili, akakigonga, ngo, akakiweka kwenye fungu la mteja. Vikawa saba. Mteja akashukuru, "Ndaga, mama," akaviondoa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Niliona yote hayo kwa macho yangu, na kitu nilichofikiria ni kwamba afadhali hakuna kilichotupwa ziwani.

Kile cha tisa mama alinipa. "Mpelekee mwenye nyumba wako. Mwambie nimemsalimu."

Kisha nikampa karatasi. Mama hakujua kuandika. Nikampaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, akaliweka mahali nilipomwonyesha, na alama ikatoka nusu bluu nusu udongo mwekundu, maana udongo ulikuwa umekaa kwenye mistari ya kidole chake miaka mingi na hautoki kwa sabuni. Nikamwambia namba haijaandikwa.

"Utaandika mwenyewe," alisema. "Wewe ndiye unayezijua."

Niliiandika stendi, nikisubiri gari, karatasi nimeiweka juu ya kile chungu kama juu ya meza. Niliandika 7. Nilifurahi hata, nikimuwazia Tumpe nitakavyomwambia. Nikaona bora nimfiche, iwe Jumatatu, tuwe kwenye foleni ya kurudisha, nimshtue.

Na yeye kumbe alikuwa amenificha. Foleni ilikuwa ndefu, yeye mbele yangu, na alipofika mezani mwalimu akasoma kwa sauti: "Tisa. Umeongeza Biblia na Komasi?" Tumpe akageuka kwangu anameremeta.

"Si ulisema mawili ya akiba? Nikaona tuwe wote. Na mchana hutarudi ukatukuta tumeshacheka."

Nikampa mwalimu karatasi yangu. Tumpe aliisoma kichwa chini kutoka pale alipokuwa.

"Bupe. Umepunguza?"

"Nilitaka tuwe wote."

Alicheka, kisha akaacha. "Basi sisi ni wajinga wawili," alisema taratibu. "Nenda ubadili, Ijumaa bado."

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli kuliko kwingine kote. Nilikuwa na siku nne. Mlango wa mwalimu ulikuwa wazi, niliupita kila siku nikienda kuchota maji. Sikuingia. Niliogopa kuonekana mtu asiyejua anachotaka, na ndivyo nilivyokuwa. Nikajiambia mama amekwisha sema. Ijumaa ikapita.

Mwaka ule mchana ulikuwa mrefu sana. Nilikuwa narudi mapema, nakaa mlangoni na harufu ya kakao. Somo la Biblia alilifundisha mchungaji mmoja aliyependa waimbe kwanza kabla ya kusoma, na shule haikuwa mbali. Nilizisikia sauti zao, na ya Tumpe niliitambua kwa sababu alikuwa akiimba nyuma kidogo ya wenzake. Mama mwenye nyumba alikuwa akipikia kile chungu cha tisa maharage, akanipa bakuli kila mara, akisema kinapika vizuri. Nilikuwa nakula namjibu ndiyo.

Matokeo yalipotoka, Hesabu ilikuwa imesema pwa, mimi na Tumpe wote wawili. Yeye wakamwondolea Hesabu wakaweka Biblia, akaendelea mbele. Sasa ana ofisi ndogo Kasumulu, anajaza karatasi za mizigo ya watu, na akipita Kyela hanipiti. Mimi nilikuwa na saba, yakabaki sita na ufa. Siwezi kusema ningechukua tisa ningefaulu. Fizikia nilikuwa naipata kwa shida, na huenda ingeyavuta na mengine chini. Mama sikumlaumu, Tumpe sikumlaumu. Nilirudi Ikombe nikajifunza kufinyanga, kisha kuuza.

Ilipita miaka mingi. Mama alipoacha kupiga makasia, nikaanza kupakia mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa na oda ya saba, nimeshavipanga, nimeshika kasia, nikajikuta nimeshuka nimerudi nyumbani kuchukua viwili vya akiba. Hakuna aliyeniambia. Ni mikono tu, ilikuwa imeshapoteza vyungu vya kutosha kwenye maji yale. Nilisimama na maji yamenifika magotini, kimoja huku kimoja huku, na ndipo nilipomsikia mama akinijibu. Alikuwa amenijibu hata kabla sijauliza. Nilikuwa nimelibana jibu kwa magoti yangu njia nzima, nimenuna, nikisubiri mgongo useme.

Na kama ningemuuliza tu, "Mama, vya ziwa maana yake nini?" Nadhani angeshangaa mtoto wa Ikombe kuuliza hivyo. Kwake ilikuwa sawa na kuuliza maji ni nini. Mimi na yeye tulikuwa ndani ya mtumbwi mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake ameelewa.

Nilirudi na vyungu mkononi mpaka alipokuwa amekaa, kwenye kivuli cha ukuta, macho yake yakiwa tayari yameingia ukungu. Nikamwambia yote, karatasi, mteja wa Kyela, cha nne kilichopasuka. Alisikiliza kichwa kikiwa upande.

"Sikumbuki," alisema.

Huenda hakuwa na maana yoyote siku ile. Hilo nalo nimelifikiria. Akanyoosha mikono, akavipapasa vile viwili, akakigonga kimoja, akasikiliza. Akakigonga cha pili, akasikiliza.

"Vizima," akasema, akanirudishia nikapakie.