Unga Uliobaki Getini

Jumamosi nilikwenda kutazama maporomoko ya maji huku kwetu Kilosa. Getini, mbele yangu, alisimama bibi mmoja na kifuko cha unga wa mtama.

"Shikamoo bibi. Chakula hakiruhusiwi ndani," alisema mlinzi.

"Marahaba. Huu si wa kula, mjukuu wangu. Ni wa tambiko."

"Sheria ni sheria." Akakichukua kifuko, akakiweka mezani. Bibi akajifunga khanga upya, akarudi alikotoka.

Ndani, mwongoza wageni alitusimamisha kwenye jiwe kubwa chini ya maporomoko. "Hapa," akatamba, "wenyeji walikuwa wakimwaga unga kuomba mizimu. Bahati mbaya mila hiyo imekufa."

Nilishindwa kunyamaza. "Haijafa, ndugu yangu. Mmeinyang'anya getini, iko mezani kwa mlinzi."