Salamu kutoka Nyamasaria

Nilipokuwa nikienda Uingereza, mama yangu hakuniagiza koti wala chokoleti. “Ukiingia kanisa lao, simama uwasalimie kutoka kwetu Nyamasaria. Ukirudi nitakuuliza.”

Basi Jumapili nikaketi katika kanisa la mawe kijijini, la zamani kuliko mji wote wa Kisumu. Wazee wachache walikaa mbalimbali kama waliogombana. Nikangoja wageni waambiwe wasimame, kama kwetu. Wapi! Kasisi alipoinua mkono kutubariki twende zetu, nikamkumbuka mama, nikaruka na kitambi changu.

“Bwana asifiwe! Mama yangu anawasalimu kutoka Nyamasaria!”

Hawakujua kwamba hapo hujibiwa, “Tumepokea!” Nilikuwa naketi kwa aibu, bibi mmoja mwenye kofia aliposimama polepole, akishikilia benchi. “Hapa hatuletewi salamu siku hizi. Mwambie mama nasi tunamsalimu sana.”

Jumapili iliyopita mama alisimama kanisani kwetu akazifikisha. “Tumepokea!” kanisa likanguruma. Akaketi, akaninong’oneza: “Na huyo mama, kofia yake ilikuwa rangi gani? Nataka nikimwombea nimwone.”

“Ya bluu,” nikasema, nikimshukuru Mungu kwamba safari hii nilikuwa nimeangalia.