Mama Buti hatoi viatu ukungu ukitanda

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Buti anainama kwenye baraza ya nyumba yake ya wageni, anaokota viatu vya waliolala na kuvipeleka stoo, ubavuni mwa jiko. Anafunga mlango na kutia ufunguo kifuani. Nje ukungu umetanda hata lango halionekani.

Mara mgeni anashuka ngazi akiwa na soksi tu.

“Mama, viatu vyangu viko wapi?”

“Vinakauka, mwanangu.”

“Mbona jana havikulowa?”

“Ndiyo maana vinakauka vizuri. Kaa, chai iko tayari.”

Nyumba hii ya vyumba sita, yenye sakafu ya mbao inayolalamika kila ukiikanyaga, inategemea njia ya watembea kwa miguu inayopita juu ya majabali ya pwani. Wapita njia hiyo hulala hapa, na mwenyeji wao, mwenye umri wa miaka 67, huwapokea kama watoto waliorudi likizo. Msimu wa mvua vikijaa vyumba viwili, anashukuru.

Mumewe, aliyeijenga, alitoka siku ya ukungu kumtafuta mgeni aliyechelewa. Mgeni alirudi. Yeye hakurudi.

“Tangu hapo roho yangu haitulii,” anasema. “Heri mtu aninunie.”

Na wanaonuna wapo. Mmoja aliandika mtandaoni kwamba hapa viatu hutekwa nyara. Mama Buti alicheka mpaka machozi. Mke wa mwanawe hakucheka. Huyo ndiye atakayekabidhiwa nyumba mwezi ujao, maana magoti ya mama mkwe yamegoma.

“Mama, hawa ni watu wazima,” humwambia. “Tutawakimbiza wateja.”

Mama Buti hujifanya anaosha vyombo, lakini usiku usingizi haumjii. Akiondoka yeye, nani atawazuia?

Leo mgeni wa soksi amechoka kubembelezwa. Anamgeukia mkwe, anayemimina chai.

“Wewe ndiye bosi mpya. Niambie ukweli.”

Mama Buti anatoa ufunguo, anauweka mezani mbele ya mkwe. Mkwe anautazama, kisha anatazama dirishani.

“Viatu vyako tumevifungia,” anasema. “Baba mkwe wangu alianguka huko majabalini siku kama ya leo. Ukungu ukiondoka nitakupa, na nitatembea nawe.”

Anautia ufunguo mfukoni mwa aproni. Mgeni anavuta kiti.

Jikoni, Mama Buti anafuta macho kwa kiganja.

“Mwenzangu hajui kudanganya kama mimi,” anasema. “Wageni itabidi wamzoee.”

Na yeye mwenyewe ana mpango gani?

“Kulala. Miaka yote hii, ukungu ukitanda, mimi ndiye wa kwanza kuamka. Sasa utande tu, mimi nimelala.”