Skonzi ya brauni aliyonirudishia Mama

Leo skonzi zangu zimeumuka vizuri kuliko siku zote, na bado nimelia.

Mama ana kisukari, mkate mweupe amekatazwa. Tangu atoke hospitali hataki kula kabisa. Basi nikatafuta unga wa ngano isiyokobolewa, nikakanda, nikaoka kwenye sufuria, mkaa juu na chini.

Jamani, nyumba nzima ilinukia!

Nikampelekea moja ikiwa bado ya moto.

"Mama, onja kidogo tu."

Akaishika, akainusa, akatabasamu. Moyoni nikasema, leo anakula.

Akanirudishia mkononi.

"Umeoka vizuri, mwanangu. Wape watoto. Mimi nimechoka, usinihangaikie tena."

Nimerudi jikoni, skonzi zinapoa.

Mama yako akikwambia hivyo, unamjibu nini?