Gari Langu Lilikuwa Juu Mno

Nilipokuwa msichana, Pasaka kwangu ilikuwa sauti. Magari ya mashindano yalipita barabara ya vumbi kilomita chache kutoka kwetu, nje ya Nakuru, na baba yangu, aliyekuwa fundi wa malori, aliwapakia kaka zangu watatu nyuma ya pikapu ya tajiri wake akaenda nao kuyatazama. Mimi nilibaki jikoni na mama tukisukuma chapati za wageni. Injini ziliponguruma upande wa pili wa kilima niliacha kusukuma nikasikiliza, na mama akanikumbusha kwamba chapati hazijisukumi.

Jioni kaka zangu walirudi wekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Walikula zile chapati na kusimulia jinsi gari fulani lilivyoruka mtaro, wakiringa kana kwamba wao ndio waliolirusha. Mwaka mmoja nilimwomba baba anichukue na mimi. Aliniambia magari si mambo ya wasichana, halafu akaomba chai. Sikulia. Nilikasirika, na hasira yangu mimi haiozi. Hiyo nimeitunza zaidi ya miaka arobaini na bado ni mpya.

Hasira hiyo ndiyo iliyoniletea gari. Sasa nina miaka hamsini na miwili, ni muuguzi, naishi New Hope, mji wa Minnesota huko Marekani, na jirani yangu ni mzee wa Kimarekani ambaye ujanani alikuwa dereva wa mashindano. Alipofanyiwa upasuaji wa goti nilimpelekea sambusa, naye kwa shukrani akanitolea albamu ya picha. Humo mlikuwa na magari ya miaka ya sitini, ya milango miwili, boneti ndefu kuliko haja, injini za silinda nane, na namba kubwa ndani ya duara jeupe mlangoni, yakikata kona yakiwa karibu kugusana. Aliniambia kuna watu mpaka leo wanaochukua magari ya aina hiyo, wakayafanyia marekebisho yawe kama yale ya picha, na kila majira ya joto hukutana mara kadhaa kwenye uwanja wa mashindano ulioko kaskazini, mwendo wa saa mbili. Niliangalia zile picha na masikio yangu yakasikia Pasaka.

Baada ya miaka miwili gari la aina hiyo lilikuwa ndani ya gereji yangu, na gari la mume wangu lilikuwa nje kwenye theluji. Mume wangu ni mtu mpole. Hakulalamika hata siku moja. Ila kila asubuhi ya baridi ile alikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake kwa nguvu sana, chini ya dirisha la chumba nilichokuwa nimelala.

Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia ile. Nilitoka zamu, nikavaa ovaroli juu ya sare ya hospitali, nikawasha hita ndogo, nikaingia chini ya gari. Nilitoa kiti cha nyuma, redio na mazulia. Niliweka viti viwili vya mashindano na mikanda yake mipana, na juu ya vichwa nikafungiwa bomba nene la chuma la kutulinda gari likipinduka. Jirani alinifundisha kusafisha kabureta na kubadilisha breki. Lile duara jeupe mlangoni nilipaka mwenyewe kwa kutumia sinia la pilau kama kipimo, nikaandika namba saba katikati. Siku nilipowasha injini kwa ekzosi mpya, mabakuli yalitetemeka kabatini, nami nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikaliinua.

Ambaye hakukulia kwetu huenda asinielewe. Kwetu gari likifika kutoka bandarini, jambo la kwanza, hata kabla mchungaji hajaliombea, ni kuliinua, kwa sababu ya mashimo na matuta. Zaidi ya hapo, magari ya mashindano niliyoyajua kichwani, ya simulizi za kaka zangu, yalisimama juu na kuning'iniza mipira ya kuzuia matope nyuma ya matairi. Kwa hiyo niliongeza chuma kimoja kwenye springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyolaliana kama za lori, nikaweka springi ndefu mbele, na nikaning'iniza mipira myekundu. Jirani alikuja na kikombe chake cha kahawa, akalizunguka gari polepole, akasema kwamba hiyo ni tofauti. Nikamshukuru. Nimekaa Minnesota miaka ishirini, nilipaswa kujua kwamba mtu wa hapa akikwambia hivyo anakusikitikia.

Wanawake wa chama chetu, ambao hukutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wetu, walilipaka mafuta na kuliombea. Mmoja alisema sasa linaweza kufika hata Turkana. Nilivimba kichwa.

Mwezi wa Mei baba alikuja kututembelea. Ana miaka themanini na moja, na mama alikuwa ametuacha mwaka mmoja kabla. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alikaa kwenye dirisha la sebule yetu akilalamika kwamba hapa kuna nyasi nyingi hivi na hakuna hata ng'ombe mmoja wa kuzila. Siku ya kwanza nilimwingiza gereji. Alilizunguka gari mara mbili, akaomba chai.

Nilitaka kitu kimoja tu kabla hajaondoka: akae kando yangu, ndani ya gari nililolitengeneza mimi, tuzunguke ule uwanja pamoja. Siku za mkutano, mchana, madereva huruhusiwa kubeba abiria mmoja mmoja na kuzunguka kwa msururu, mwendo wa wastani. Nilijiandikisha kwa Jumamosi moja ya Julai. Nilipomwambia alisema tutaona, na jibu hilo nalijua tangu utotoni.

Hata hivyo alikuja, akiwa kwenye gari la mume wangu, na kofia yake ya kanisani kichwani. Pale uwanjani magari mengine yalikuwa yamelala chini, matumbo yao yakikaribia kugusa lami. La kwangu lilisimama katikati yao kama mbuzi juu ya kichuguu. Mkaguzi, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alipima kwa futi, akapima tena, akaniambia samahani. Gari lilikuwa juu mno, kwenye kona lingeweza kupinduka. Nilishushe, nirudi Jumamosi ijayo. Baba alikuwa anasafiri siku mbili tu baada ya hiyo Jumamosi ijayo.

Hapo ndipo baba alipocheka. Tangu afike Marekani hakuwa amecheka, na sasa alicheka mpaka akaushika mlango wa gari asianguke.

"Umeliinua," alisema, akigonga lami kwa kiatu. "Sasa mama, hapa kuna shimo gani?"

Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Siku nyingine hilo hunipoza. Siku hiyo damu ilinichemka.

"Ningejuaje linakaa vipi?" nilimwambia. "Sikuwahi kuyaona, Baba. Nilikuwa napika."

Aliacha kucheka. Mume wangu akaanza kusoma tangazo la vyoo kwa makini sana. Tulirudi New Hope kama tulivyokuja, wao kwenye gari lao na mimi kwenye langu, na usiku huo sikumwaga chozi, ila nilivunja kifuniko cha sufuria.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, nilimkuta gereji amevaa suruali kuukuu ya mume wangu, mikono ya shati imekunjwa. Aliniuliza spana za inchi ziko wapi, kwa sababu gari hili, alisema, limefungwa kama malori ya Waingereza aliyoanzia kazi. Mikono yake siku hizi hutetemeka, hawezi kushika nati ndogo. Kwa hiyo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na mimi nikaingia chini, na wiki nzima tukafanya kazi hivyo, kila nilipotoka zamu, gereji ikiwa wazi na jua la Julai likikataa kuzama. Yeye aliniambia legeza hii, usiguse ile, weka jeki hapa kwanza. Nilikuwa nimekosea mambo mengine matatu ambayo jirani, kwa adabu zake, hakuwahi kuyataja. Baba hana adabu hizo. Alinikaripia vizuri, kama alivyowakaripia kaka zangu, na nilifurahi kila alipofungua kinywa.

Siku ya tatu, nikiwa chini na grisi mpaka kwenye nyusi, alianza kusimulia bila kuulizwa. Alinieleza kona waliyokuwa wakisimama, mto uliokuwa ukifurika, na gari jeupe lililokwama mpaka watazamaji wakaingia majini kulisukuma, yeye akiwa mmoja wao, na dereva akamwachia glavu moja. Alieleza harufu ya petroli na matope. Alisimulia Pasaka moja, akamaliza, akaanza nyingine. Sikutoka chini ya gari. Springi ilikuwa imeshafungwa zamani, lakini niliendelea kuigonga gonga kwa spana ili asije akadhani nimemaliza, na machozi yakinitiririka kuelekea masikioni.

Jumamosi mkaguzi alipima mara moja tu, akatabasamu. Akauliza kama ile mipira myekundu nayo ingetolewa. Nilipomtafsiria baba, alitikisa kichwa.

"Hiyo iache," alisema. "Hilo ni gari la Pasaka."

Mama wa watu aliiacha.

Baba alivua kofia ya kanisani, nikamvalisha helmeti. Akaenda kufungua mlango wa upande wangu, kwa mazoea ya kwetu, ambako abiria hukaa kushoto. Nilimzungusha, nikamfunga mkanda, nikakaa. Msururu ulianza kusonga nyuma ya gari la kuongoza. Kona ya kwanza alishika lile bomba la chuma na kufumba macho. Kona ya pili alifumbua jicho moja. Tulipofika sehemu ndefu iliyonyooka aliliachia bomba, na nikamsikia akianza kunisomea barabara, kulia, polepole, sasa kushoto, kama alikuwa ameizunguka maisha yake yote.

"Wapite hao," alisema mzunguko wa pili.

Nilimwambia kupitana ni marufuku.

"Nani ataona?"

"Kawia ufike, Baba."

"Methali hiyo ni ya malori," alisema. "Kanyaga."

Sikupita mtu. Lakini niliwaacha waliokuwa mbele wasogee, nafasi ikawa kubwa, kisha nikakanyaga. Injini ilinguruma kama ilivyokuwa ikinguruma nyuma ya kilima, ila safari hii kilima hakikuwepo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiingurumisha. Baba alipiga kelele. Nami nilipiga kelele. Mizunguko mitatu ilikwisha kabla sijashiba.

Tuliposimama hakutaka kushuka. Alikaa na helmeti kichwani, akanyoosha mkono, akaomba simu. Nilidhani anataka picha. Kumbe alimpigia kaka yangu mkubwa, kwa video, Nakuru ikiwa karibu saa sita za usiku. Uso wa kaka ukatokea gizani, umevimba kwa usingizi, akiuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," baba alimwambia. "Mimi na dada yako tumekuja kuona magari. Amka uwaamshe na wenzako. Msukume chapati, sisi tukirudi tutakuwa na njaa."