Mpira wa Hewa wa Papa Anselme

Gari kuukuu la Papa Anselme lilikimbia vizuri, lakini kila liliposimama lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, kisha likazima. Jumamosi lingempeleka binti yake kanisani, na msafara wa harusi mjini Bunia husimama kila hatua. Alikwisha badilisha plagi, bila mafanikio. Tangu hapo akawa ananong'ona kwamba wakwe wameliloga.

Fundi Gentille aliweka ncha moja ya kipande cha mpira sikioni, nyingine akaipitisha juu ya injini, akisikiliza.

"Iko inapiga mluzi hapa," alisema, akachomoa mpira mdogo wa hewa wenye alama za meno. "Injini iko inavuta hewa ya wizi kwa hii matundu. Papa, unabebaka nini humu?"

"Samaki tu, ya ziwa kule Kasenyi."

"Basi panya ilifuata harufu. Ilikosa samaki, ikakula mupira. Ama wakwe yako iko na meno kidogo hivi?"

Papa Anselme akalipia mpira mpya.

Jumamosi gari lilinguruma taratibu mbele ya kanisa, bila kuzima. Papa Anselme alishuka, akamkumbatia baba wa bwana harusi kwa muda mrefu mno. Yule baba, asiyejua lolote, akampigapiga mgongoni: "Usilie, Papa. Tutamutunza mutoto."