Maiki ya Mabonga Ilivyosikia Ploti Nzima

Mabonga hupima mahindi. Hiyo ndiyo kazi yake ya mchana, katika stoo moja ya nafaka mjini Eldoret, na ameifanya muda mrefu hivi kwamba hata akikupa mkono wa salamu anakukadiria kilo. Wakulima wa Soy wakishusha magunia, yeye hunyanyua moja kidogo tu kwa pembe, halafu anasema, "Hili lina maji, mzee. Lirudishe juani." Mzee hulirudisha, huku akimtaja Mabonga kwa majina ambayo hakupewa na wazazi wake.

Lakini jioni akishafika nyumbani, mtaa wa Huruma, akanawa vumbi na kumaliza chai yake, Mabonga hugeuka mwanamuziki. Yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo. Ploti ina maoni yake.

Ploti yenyewe ni vyumba vya kupanga vya mabati, safu mbili, vinatazamana kama watu waliokosana, na kati ya chumba na chumba kuna bati moja basi. Ukipiga chafya huku, unaambiwa pole kule. Katika chumba cha Mabonga kuna kitanda, meza, jiko, pazia la maua linalotenga upande wa kupikia, na kona moja. Kona hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Gitaa linakaa hapo, limeegemea ukuta kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Mkewe, Mideva, ni fundi wa nguo, na cherehani yake imelazwa kwenye veranda ya rafiki yake, inapigwa na baridi ya asubuhi na mikojo ya paka.

"Hiyo kona ni ya cherehani," Mideva alisema jioni moja.

"Hiyo kona ni ya sanaa."

"Sanaa gani, Baba Linah? Wimbo ni mmoja tangu tuoane! Nasike, Nasike, Nasike. Na bado sijaambiwa huyo Nasike ni nani."

"Nimekwambia ni ng'ombe. Ng'ombe ya baba iliyoibiwa."

"Haya. Peleka hiyo ng'ombe kwa redio."

Kulikuwa na kipindi cha Jumamosi kwenye redio moja ya hapo mjini, ambapo wapiga gitaa wa nyumbani hutuma nyimbo zao na mtangazaji, dada mmoja anayeitwa Mildred, huzipiga zile zinazomfurahisha. Mideva akaweka kijiko chini.

"Wakiipiga, gitaa itakaa hapo mpaka izeeke, na mimi sitafungua mdomo. Wasipoipiga, Jumapili inaenda kuuzwa na cherehani inaingia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Hata mimi nimeelewa!" Waiyego akaitikia kutoka upande wa pili wa bati. Waiyego ni jirani, anauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na hajawahi kukosa mkutano hata mmoja wa nyumba hiyo.

Basi Mabonga akaingia mjini kutafuta vyombo vya kurekodi. Alikuwa ametazama video kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu. Kila mwalimu wa video alikuwa amekaa kwenye chumba chenye sponji ukutani, akisema vyombo si muhimu sana, huku nyuma yake kukiwa na vyombo vingi kuliko duka. Kitu kimoja tu Mabonga alishika: lazima uwe na maiki, kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta, kitu cha kusikilizia, na programu. Kompyuta alikuwa nayo, laptop kuukuu ambayo betri yake ilikuwa ikifa kila baada ya salamu.

Dukani alimkuta kijana anaitwa Antony. Antony akamwekea maiki mbili juu ya kaunta.

"Mzee, hii ya kwanza inasikia kilicho mbele yake tu. Ni kama bwana akisoma gazeti. Nyumba inaweza kuungua nyuma yake na asijue."

"Na hii?"

"Hii ni kama mama mkwe. Inasikia kila kitu. Sisimizi akikohoa kwa jirani, inashika."

Mtu mwingine angeuliza maswali. Mabonga alifanya alichozoea kufanya: akazichukua, moja kila mkono, akafumba macho, akazipima. Wateja wengine wakanyamaza, wakadhani anaomba.

"Ya mama mkwe ina uzito," akasema. "Nipe hiyo."

"Lakini mzee, unarekodia wapi?"

"Huruma."

"Kwa ploti ama nyumba ya peke yake?"

"Kijana, si nimesema Huruma?"

Antony akajikuna kichwa. "Basi chukua hii ya gazeti. Mahali pa kelele, gitaa ya nyumbani, hii ndiyo itakusaidia. Hata bei iko chini."

"Mimi nilianza kupima mahindi wewe ukiwa na meno ya maziwa. Kitu chepesi ni chepesi. Funga hiyo nzito."

Kisanduku nacho akakichagua hivyo hivyo. Akaacha kile kidogo chenye matundu mawili, ambacho kingemtosha yeye na gitaa lake, akabeba kimoja kikubwa kama betri ya lori chenye matundu ya kutosha bendi ya polisi. Alipofika kwenye vitu vya kusikilizia masikioni, pochi ilikuwa imepungua uzito, basi akachukua vile vidogo vya bei ya njugu. Akajiambia kwamba hata masikio yenyewe hayana kilo.

"Haya mashimo mengine yote ni ya nini?" Mideva akauliza alipoona kisanduku.

"Ya baadaye."

"Baadaye utakuwa na gitaa nane?"

Mabonga akakipangusa kisanduku kwa mkono wa shati. Lilikuwa swali zuri.

Mtu wa programu alitoka Kesses, kwenye chuo kikuu. Alikuwa Muchiri, kijana aliyekuwa akisomea uhandisi huko mpaka yeye na uhandisi wakaachana, bila kelele na bila watoto. Alikuja na flashi yenye programu tatu: moja ya bure, moja ya kujaribu mwezi mmoja, na moja ambayo alisema wasiulize ilitoka wapi. Mabonga alitaka kujua ipi ni nzito.

"Ya tatu, mdosi. Lakini ukiiweka hii laptop itaomba likizo."

Kwa mara ya kwanza maishani Mabonga akakubali kitu chepesi. Wakaweka ile ya bure, wakachomeka maiki, Mabonga akaimba Nasike mwanzo mpaka mwisho. Halafu wakasikiliza.

Walisikia grainda ikikata chuma kwa Obiero, fundi wa madirisha wa chumba cha mkabala. Walisikia maji ya bomba, mtoto akikataa uji, na mtu akikataa kulipa githeri. Walisikia Obiero akimwambia mteja kwamba githeri ya Waiyego inahitaji nyundo. Mbali sana, kama mtu aliyefungiwa ndani ya tenki, gitaa lilikuwa likilia.

"Ati nyundo?" Waiyego akasema kutoka mlangoni. Hakuna aliyemwona akifika. "Rudisha hapo!"

Muchiri akarudisha. Kufikia jioni watu walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwa Mabonga kujisikiliza. Mwenye mtoto wa uji alitaka atumiwe kipande chake kwenye simu. Obiero aliomba chake kifutwe. Hakuna hata mtu mmoja aliyeulizia gitaa.

"Usijali," Muchiri akasema. "Kuna kitufe cha kuondoa kelele. Unaionyesha programu kelele ni gani, inaitoa yote."

Akachagua kipande, akabonyeza, wakasikiliza tena. Grainda ilikuwepo, uji ulikuwepo, nyundo ilikuwepo na sasa ilikuwa safi kabisa. Kilichokosekana ni gitaa. Muchiri alikuwa ameionyesha programu kipande sicho, cha gitaa.

Mideva alicheka mpaka akakaa chini. "Hata kompyuta imejua kelele ni gani! Wacha nikaite mtu wa kubeba cherehani."

Mabonga hakulala vizuri. Kesho yake alipitia mlango kwa mlango, kofia mkononi, akiomba kitu ambacho ploti hiyo haikuwahi kuwa nacho tangu ijengwe: ukimya wa wimbo mmoja.

"Wimbo mrefu kiasi gani?" Obiero akauliza.

"Kama kunywa chai moto."

"Na hayo mambo ya nyundo?"

"Yatafutwa."

"Basi mimi niko kimya kama kaburi."

Ijumaa, kabla ya saa ya mwisho ya kutuma, ploti ikanyamaza. Bomba likafungwa. Mtoto wa uji akapewa mkate mzima. Obiero akakaa juu ya grainda yake, mikono mapajani, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Waiyego akaingia kwa Mideva, nyuma ya pazia la jikoni, akisema huko ndiko atakakonyamaza vizuri zaidi. Mabonga akashika gitaa, Muchiri akanyanyua kidole, na Nasike akaimbwa katika ukimya ambao hata mbwa wa nje waliushangaa.

Walipomaliza, Muchiri akasema gitaa liko chini kidogo. Akabonyeza kitufe kingine, cha kuinua sauti ndogo zilingane na kubwa. Wakajaribu kusikiliza kwa vile vidude vya bei ya njugu, na kimoja kikafa sikioni. Hapo hapo stima ikapotea. Laptop ikaanza kuhesabu dakika zake za mwisho duniani.

"Tuma!" Mabonga akapiga kelele.

"Hatujasikia vizuri!"

"Tuma, kijana, kona inaenda!"

Akatuma.

Jumamosi ploti nzima ilizunguka redio ya Obiero, mchana kweupe. Mabonga alikuwa amevaa koti. Mideva alikuja na kipimo cha kona mkononi, utepe wake wa ufundi, akawa anaukunjua na kuukunja. Nyimbo za watu wengine zikapita. Mabonga akaanza kutoa jasho kama gunia lenye maji.

"Na sasa," Mildred akasema redioni, "kuna huu wa Mabonga, kutoka Huruma. Wasikilizaji, nawaomba muusikilize mpaka mwisho. Tafadhali mwenye chai aiweke mbali na mdomo."

Gitaa likaanza, safi, tamu. Mabonga akafumba macho. Sauti yake ikaingia: *Nasike rudi nyumbani, zizi limepoa...*

Halafu, chini ya wimbo, lakini wazi kama mtu aliyekaa begani kwake, mnong'ono:

"Sasa akifika hapo kwa zizi, anakosea kamba."

Kamba ikalia vibaya.

"Si nilikwambia?"

"Ngai! Umejuaje?" Hiyo ilikuwa sauti ya Waiyego.

"Miaka yote hiyo. Ngoja, anakuja kwa ile ngumu. Kidole cha mwisho kitachelewa... kinachelewa... eh, kimefika, karibu."

*Kiuno chako Nasike, chaninyima usingizi...*

"Na si anasema ni ng'ombe?"

"Ndiyo ananiambia. Wewe umeona ng'ombe gani iko na kiuno?"

Kicheko cha Waiyego kilisikika kikizibwa kwa kanga, kikakataa, kikatokea puani. Mabonga aliimba kwa uchungu mpaka mwisho, na Mideva akamsindikiza mpaka mwisho, kosa kwa kosa, bila kukosea hata moja.

Ploti ililala chini kwa kucheka. Mabonga alimtazama mkewe. Mideva alikuwa ameziba mdomo kwa utepe.

"Mlisema mtanyamaza!"

"Tulinong'ona, Baba Linah! Kwani nani hununua maiki ya kusikia kunong'ona?"

Redioni simu zilikuwa zinaingia. Mzee mmoja wa Soy alipiga akasema anamjua huyo Mabonga, ndiye hurudisha mahindi yake juani, na huyo mama Mungu ambariki. Mwingine akadai ajibiwe mambo ya kiuno. Mildred akaupiga wimbo tena, halafu akaomba wa pili kwa Jumamosi ijayo.

"Imepigwa," Mabonga akasema.

"Imepigwa mara mbili," Mideva akakubali, akaweka utepe mfukoni. Neno ni neno. Gitaa likakaa. Lakini kwa sababu yeye naye sasa alikuwa mtu wa redio, cherehani ililetwa pia, kitanda kikasukumwa, na tangu siku hiyo mlango wao hufunguka nusu na wageni wanene husalimiwa nje.

Kilichobaki ni wimbo wa pili, ambao ulikuwa Nasike yule yule kwa maneno mengine, na Mabonga alikuwa na hasira nao. Wiki nzima alifanya mazoezi. Kule stoo alipiga kamba za hewa juu ya mizani mpaka mkulima mmoja akamuuliza kama mkono umeshikwa na ganzi. Ijumaa akaketi, Muchiri akanyanyua kidole, na Mabonga akaupiga mwanzo mpaka mwisho bila doa.

Nyuma ya pazia kulikuwa kimya.

"Mama Linah," Muchiri akaita, "mbona husemi?"

"Niseme nini? Hajakosea."

Walituma hivyo hivyo. Mildred akajibu baada ya muda mfupi: wimbo ni mzuri, lakini yule mama ni mgonjwa?

Mideva akatoka nyuma ya pazia, akakaa kitandani karibu na mumewe, akamwambia kwa upole ambao hakuwa ameusikia tangu harusi, "Baba Linah. Kosea kidogo."

"Nikosee?"

"Kidogo tu."

Akakosea.

"Si hapo! Hapo hujawahi kukosea hata siku moja. Kwa mstari wa pili, kidole cha mwisho."

Akarudia. Kidole cha mwisho kikafika mapema, kikatua mahali pake kama mtumishi wa serikali siku ya mshahara. Akarudia tena. Kikafika tena.

"Waiyego, njoo uone maajabu," Mideva akasema, sauti ikipanda. "Huyu mtu nimekaa naye miaka yote akikosea bila kutumwa. Leo nimemtuma, hata kukosea kwenyewe anakosea!"

"Hapo hapo!" Muchiri akaruka kutoka kwenye kiti, kidole kwenye kitufe cha kurekodi. "Nimeshika! Endeleeni kugombana, msinyamaze!"